Kioo Nilichomchagulia Abrar

Sehemu ya sita

Mlioniandikia mkiniuliza kama nimemsamehe Abrar, someni kwanza haya ya leo, kisha mniulize tena kama mtakuwa na nguvu.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nitamfupishia. Mume wangu Haidari, Mungu amrehemu, alikuwa na studio ndogo ya picha na video hapa Majengo, Pumwani. Abrar alikuwa mshirika wake. Haidari alipofariki nikaingia eda, miezi minne na siku kumi za kukaa ndani. Siku moja tu baada ya khitma ya arobaini, Abrar akaja na mkokoteni. Akabeba kamera, akabeba deki mbili, akabeba na taa. Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia vyuma vikigongana, na dini imenifunga miguu. Yule bwana aliijua kalenda yangu kuliko mimi mwenyewe.

Kitu kimoja aliniachia, ile monita kubwa. "Hii nimemwachia mjane kwa huruma," aliwaambia majirani.

Huruma gani! Nilipotoka eda nikaazima kamera, nikaanza kuchukua sherehe za wanawake, maana kwetu mwanamume haingii na kamera panapopakwa hina. Kanda nikazihariri kwa ile monita. Kumbe wekundu wake ulikuwa unakufa. Nyuso nikaziona zimepauka, nikaziongeza wekundu mpaka zikapendeza machoni mwangu. Wenyewe walipozitazama kwao, mabibi harusi watatu wakatokea kama waliochemshwa. Mama mmoja alinirudishia kanda yake mlangoni, mbele za watu. Naye Abrar akazunguka kwa vinyozi akisema, "Macho ya Bi Mgeni yamezikwa pamoja na mumewe."

Hapo ndipo nilipowaacha, niko juu ya msala, namwomba Mungu jambo ambalo mja hafai kuomba.

Sikupewa nililoomba. Nilipewa Kyalo.

Kyalo ni fundi wa televisheni, jua kali ya Kariobangi. Mkamba, mtu wa kanisa, mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Ndiye aliyeifungua ile monita yangu, akaingiza bisibisi, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, hii imekuwa ikikudanganya kutoka zamani. Nyekundu imeisha. Umekuwa ukipigana na kioo."

"Nifundishe kukijua kioo kinachodanganya."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Basi umepita. Rangi haiulizi cheti."

Alinifundisha kwa miaka miwili, na mimi nikaongeza yangu. Nitawaambia, maana bila hayo hamtaelewa nilichofanya.

Kwanza, monita usiihukumu ikiwa baridi. Iwashe, kaa nayo nusu saa, ndipo uitazame. Pili, iondolee spika na kila chenye sumaku, maana sumaku huchafua kona za kioo zikawa na madoa kama ya mafuta. Tatu, funga pazia, na wewe mwenyewe uvae cheusi, ili usijione ndani ya kioo ukadhani ni picha. Nne, punguza rangi yote mpaka picha ibaki nyeusi na nyeupe. Hapo mwongo huanza kujitaja. Kijivu kikielekea kijani au samawati, ujue kuna rangi moja imechoka.

La tano ni langu mwenyewe. Wenye maduka ya mjini hukuwekea kanda ya maua na samaki. Nani anajua yule samaki alikuwa mwekundu kiasi gani? Mimi nilijipaka hina kiganja cha kushoto. Nikakilaza juu ya kitambaa cheupe cha kanzu ya marehemu, mlangoni, jua la mchana, nikakipiga kwa kamera. Nikifika kwa monita naiweka kanda ile, halafu nakishika kiganja changu chenyewe kando ya kioo. Mikono miwili. Ikifanana kama mapacha, monita ni ya kweli. Isipofanana, siitaki hata kwa bure.

Majirani walisema sana. "Mjane na hina! Anamtafuta nani?" Niliwaacha waseme. Kila hina ilipofifia nilipaka upya na kupiga kanda upya, nikimkumbuka Abrar kila nilipokunja vidole.

Basi mwaka wa tisini na nane ikaja harusi ya binti wa Mzee Magan, Eastleigh. Mama wa bibi harusi huitwa Mama Hared, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mama mwenye macho, na nyumbani kwake televisheni ina upana wa kabati. Alinijia mwenyewe.

"Bi Mgeni, siku ya hina na siku ya wanawake ni yako. Mwanamume asizione hizo picha, si kuchukua, si kuhariri. Lakini nakwambia mapema, binti yangu akitoka mwekundu kama wale wengine, sitanyamaza. Kanda zinakwenda Mombasa, zinakwenda Garissa, zinakwenda kwa dada zangu ng'ambo."

"Na upande wa wanaume?"

"Nimempa Abrar."

Nikainamisha kichwa. "Mungu atujalie," nikasema. Moyoni nikasema mengine.

Yeyote kati yetu ambaye angeharibu harusi ile, asingeshika tena kamera Eastleigh wala Majengo. Mimi nilijua hivyo, na Abrar pia.

Jumatatu ya wiki ya harusi, jirani yangu Ndanu akanigongea. Huyu ni mama wa Kikamba anayeuza mboga barazani, na Kyalo ni mtu wa kwao.

"Mama Mgeni, fundi anasema uende mbio. Ameletewa TV mbili za kazi yako. Anasema wewe ndio wa kwanza kuchagua."

Nilivaa buibui langu, nikatia kanda yangu kwenye kikapu, nikaenda.

Zilikuwa mbili pacha, rangi ya majivu, zimetoka kwenye ofisi ya matangazo ya biashara iliyofungwa. Ukizitazama kwa nje huwezi kuzitenganisha. Kyalo alikuwa amekwisha kuziwasha zipate moto.

"Sikwambii kitu," alisema. "Chagua."

Nikafunga gunia la mlangoni lililokuwa pazia. Nikapunguza rangi. Ya kushoto ikatoa kijivu kama cha jivu la mkaa. Ya kulia ikatoa kijivu chenye ukijani, kidogo sana, kama maji yaliyooshewa mboga. Nikarudisha rangi, nikaweka kanda ya kiganja. Kushoto, mikono pacha. Kulia, hina yangu ilikuwa kama chai iliyopoa.

Nikaujua ugonjwa ule. Ulikuwa ugonjwa wa monita yangu ya zamani.

"Hii ya kushoto," nikasema. "Hii nyingine itamfanya mwenyewe apike watu."

Kyalo akacheka mpaka akakaa. "Mama, sasa naweza kufa, kuna mtu wa kunirithi! Hiyo nyingine nataka kuibadilisha kioo. Haiendi kwa mtu hivyo." Akachukua kipande cha waya. "Nafika kwa jirani kuchoma hii, tochi yangu ya gesi imekufa. Kuna mteja mwingine anakuja. Akija mwambie angoje."

"Mteja gani?"

"Huyo wenu wa Majengo. Abrar. Anasema monita yake imelipuka juzi na ana harusi ya Wasomali."

Akatoka.

Mimi nikabaki na monita mbili na Mungu wangu. Nikatoa tasbihi. Sikuisoma. Niliizungusha tu kwenye kidole nikitazama mlango.

Abrar akaja amevaa kofia ya kitambaa kizuri na viatu vinavyolia. Aliponiona akasimama.

"Shemeji! Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Abrar."

"Miaka mingapi? Unapita barabara ya pili kama mimi ni mbwa."

"Barabara ya kwanza ina matope."

Akacheka kwa adabu. Kisha akazitazama monita, na mikono yake akaitia mfukoni. "Fundi yuko wapi?"

"Anachoma waya. Amesema ungoje."

"Siwezi kungoja, mkokoteni uko nje na mtu wake analalamika. Nzuri ni ipi?"

"Zitazame, wewe si mwenye macho?"

Nilimchoma makusudi. Akainama mbele ya vioo viwili, kiganja changu kinang'aa kwenye vyote. Na hapa nataka mnisikilize, maana nililiona jambo na sikulitia maanani. Abrar hakukitazama kioo. Alinitazama mimi usoni, kama mtu anayesoma barua kwenye paji la uso wa mtu. Halafu akachomoa waya zake mfukoni azijaribu. Waya hizo ncha zake hupakwa rangi, nyekundu, nyeupe na manjano, ili usikosee tundu. Zake zilikuwa zimefungwa vifundo vya uzi. Kifundo kimoja, viwili, vitatu. Nikadhani ni uganga. Nikasema moyoni, mwizi ameongeza na ushirikina.

"Zote naona ni nzuri," akasema.

"Hazifanani."

"Basi nichagulie, shemeji." Sauti ikashuka. "Najua hunipendi. Lakini marehemu alikuwa akisema hakuna jicho Majengo linalofikia lako. Nichagulie."

Miaka miwili nilikuwa nikimtayarishia mtu huyu maneno. Nilikuwa nayo mpaka ya kugawa. Halikutoka hata moja. Niliinua mkono wenye hina, nikanyoosha kidole kulia.

"Hii."

"Ndiyo ya kweli?"

"Nimekwambia, hii."

"Niapie."

Nikakaza uso. "Abrar, umenijua tangu nikiwa mwari. Umewahi kunisikia naapa kwa sababu ya vyombo?"

Na kweli hajawahi. Mimi siapi. Mtaa mzima wanajua, hata watoto wakigombana husema, kamuulizeni Bi Mgeni, yeye hasemi uongo. Jina hilo nililijenga kwa miaka thelathini ya kuinuka alfajiri. Nililitumia lote siku ile, kwa kidole kimoja.

"Nisamehe," akasema Abrar. "Kwako sihitaji kiapo."

Akamwita mtu wake, wakaibeba. Alipofika mlangoni akageuka. "Mungu akulipe, shemeji. Sijui ningekuwa wewe kama ningefanya hivi."

"Nenda salama."

Utamu nilioupata, siwafichi. Nilihisi kama mtu aliyekata kiu ya mwezi mzima wa mfungo.

Kyalo akarudi na waya wake unafuka moshi. Akaona nafasi.

"Mama. Ameenda na gani?"

"Hakutaka kungoja."

"Hukumwambia?"

Nikaanza kufunga kikapu.

"Mimi ningemwambia," Kyalo akasema polepole. "Ata kama ameniibia mimi."

"Ndiyo maana nilishukuru hukuwepo."

Kyalo akachukua bisibisi yake, akanigeuzia mgongo. Aliniletea monita yangu nyumbani kesho yake, akaiweka mezani, akakataa chai. Kyalo kukataa chai! Jioni hiyo niliposimama kuswali, ulimi ulijikwaa katikati ya sura niliyoihifadhi tangu utotoni. Nikaanza upya, ukajikwaa palepale.

Nikasema, ni uchovu.

Alhamisi nikachukua hina ya binti wa Mzee Magan. Ijumaa Abrar akachukua nikaha msikitini na karamu ya wanaume. Mimi nilihariri siku tano, pazia limefungwa, buibui mwilini, kiganja kando ya kioo. Sikuongeza wala kupunguza. Binti alikuwa wa rangi ya maji ya kunde na ndivyo alivyokuwa kwenye kanda. Leso zilikuwa leso. Dhahabu ilikuwa dhahabu. Kila usiku nilipofumba macho nilimwona Mama Hared akiweka kanda ya Abrar kwenye televisheni yake pana kama kabati, na wanaume wa ukoo mzima wakitokea wamechomwa. Nililala vizuri sana.

Siku ya kukabidhi, baada ya swala ya alasiri, nikasikia hodi. Nikajua ni Mama Hared amewahi.

Alikuwa Abrar.

Peke yake, viatu mkononi. Begani amebeba mfuko mweusi ambao ningeujua hata gizani. Mfuko wa kamera ya Haidari.

Mimi ni mjane na yeye si ndugu yangu. Nikamwita Ndanu akae mlangoni na karai lake la sukuma wiki, mgongo kwetu, uso barabarani. Nikaacha mlango wazi.

"Sema kutoka hapo," nikamwambia Abrar.

Akauweka mfuko chini, akausukuma kwa vidole mpaka ukafika miguuni pangu.

"Hiki ni chako. Deki zitakuja kesho. Nilipotoka kwa fundi siku ile nilishindwa kula. Nimemnyang'anya mtu akiwa eda, halafu mtu huyo huyo ananichagulia chombo kama anamchagulia mwanawe. Nilisema, Abrar, wewe ni mtu gani?"

Nilikuwa nauangalia ule mfuko. Ukanda wake ulikuwa bado na mshono nilioushona mwenyewe.

"Kuna jambo simwambii mtu," akaendelea. "Hata mke wangu. Marehemu tu ndiye alijua. Shemeji, mimi rangi sizioni."

"Rangi gani huzioni?"

"Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Tangu kuzaliwa. Haidari ndiye alikuwa akinisomea. Unakumbuka alivyokuwa akinicheka kwa kuleta nyanya mbichi kutoka sokoni?"

Nikakumbuka. Nikavikumbuka na vile vifundo vya uzi kwenye waya.

Nikasema, "Ile monita kubwa. Uliyoniachia."

"Ile ndiyo marehemu aliyokuwa akikaa mbele yake. Nikasema, ile ndiyo bora kuliko zote, hiyo siichukui, nitalaaniwa. Nyingine zote nilichukua kwa tamaa, siwezi kukataa. Ile nilikuachia kwa moyo."

Ndanu mlangoni alikuwa akikatakata sukuma, kra, kra, kra.

Miaka miwili, wasomaji wangu! Kila nilipokunja kiganja hiki chenye hina, nililaani hila ya monita ile. Na hila haikuwepo. Wizi ulikuwepo, ule haukufutika hata kidogo. Lakini lile nililomlipiza kwa mfano wake, kioo kwa kioo, yeye hakulijua.

"Na vinyozini?" nikamuuliza. Nilitaka kitu cha kushika. "Uliposema macho yangu yamezikwa?"

Akainamisha kichwa. "Watu walianza kusema juu ya rangi. Niliogopa. Nilitaka watazame macho yako, wasitazame yangu."

Afadhali! Hasira ikarudi, nikapata kusimama. "Basi umeniharibia jina ukijua."

"Nikijua. Hilo nimekuja kuomba radhi, na sikulazimishi kunipa."

Akatoa kanda, imefungwa kwa leso safi.

"Nimekuja na hili pia. Kazi ya rangi huwa namkalisha mke wangu mbele ya kioo, namwambia azungushe vifungo mpaka nyuso ziwe nyuso za watu, mimi najifanya nina shughuli. Safari hii amezungusha vizuri, anasema ni safi. Juzi akaenda nayo kwa dada yake, wakaiweka kwenye televisheni ya huko. Akarudi ananipigia kelele kuwa watu wameungua."

Nikauvuta mfuko wa kamera karibu na mguu wangu.

"Wewe ulisemaje?"

"Nilimgombeza! Nikamwambia televisheni ya dada yako ni takataka, hii monita amechagua Bi Mgeni kwa mkono wake. Unataka kuniambia Bi Mgeni amenidanganya? Akalia. Amekwenda kwao tangu jana." Akasogea, akanyoosha kanda kwangu, mikono miwili. "Iweke hapa kwako, shemeji. Nione tu uso wako ukiitazama. Uso wako utanitosha."

Nikaipokea. Nikaitia kwenye deki. Nadhani niliomba isifanye kazi.

Ikafanya.

Msikiti ulikuwa mzuri. Zulia, watu, sheikh. Na Mzee Magan, baba wa bibi harusi, amekaa mbele, uso wake umekuwa tofali lililotoka tanurini. Ndevu zake hupaka hina. Kwenye kanda zilikuwa zinawaka, huwezi kuzitazama. Bwana harusi aliyekuwa kando yake alionekana kama mtu aliyetolewa kwenye maji ya moto. Nilichokuwa nimekiota usiku wa siku tano, kila kitu, kama nilivyokiagiza.

Abrar hakukitazama kioo. Alinitazama mimi.

"Safi?" akauliza.

Nikakaza uso wangu kama nilivyoukaza Kariobangi. Nikagundua ninajua kuukaza vizuri sana.

"Mama Mgeni!" Ndanu akaita kutoka mlangoni, anainua karai. "Una wageni! Ni ule mama wa Eastleigh, na wengine wawili. Wamevaa vile wamevaa, mimi naona aibu na hii sukuma yangu!"

Abrar akasimama haraka, akanyoosha kofia. Uso ukamng'aa kama wa mtoto siku ya Idi.

"Ni mimi niliyemwambia aje aione hapa. Alikuwa na wasiwasi, amesikia maneno ya mke wangu. Nikamwambia, Mama Hared, twende ukaione kwenye kioo cha Bi Mgeni. Kile hakisemi uongo, wala mwenyewe."

Chini ya kioo changu kuna vifungo vitatu. Cha katikati ni cha rangi. Robo ya mzunguko kushoto, na Mzee Magan angerudishiwa uso wake, angalau mpaka kanda ifike Eastleigh kwenye ile televisheni nyingine. Monita niliyoisaka miaka miwili kwa ukweli wake, ningeifundisha uongo kwa mkono wangu. Nikiacha kifungo kilivyo, Abrar alikuwa amekwisha hapo hapo, chumbani kwangu, na mimi sikuhitaji kusema neno. Na kumwambia ukweli, mbele ya Mama Hared, ni kusema nilifanya nini.

Nikasikia viatu vya akina mama vikivuliwa nje, jozi moja baada ya nyingine.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu ya kifungo. Sijui nilikuwa nimeuweka saa ngapi. Ndani ya kioo Mzee Magan alikuwa akiinua wake kuomba dua, na viganja viwili vikakaribiana, changu na chake. Havikufanana.

"Hodi Bi Mgeni," sauti ya Mama Hared ikasema.

"Karibu," nikajibu, wala sikugeuka.

Akaingia. Nikasikia manukato yake, nikasikia buibui lake likigusa mlango. Na Abrar akaniinamia sikioni, anatabasamu.

"Shemeji, mwambie wewe. Mimi hawezi kuniamini."

(Itaendelea)